Daftari la Mpigaji: Mambo ya Kufanya na Kutofanya

Nimeandika alama za mechi hapa Isiolo kwa miaka mingi: raunda ya shule za msingi, softiboli, kandanda, na kriketi kila tulipopata vifaa. Nimeona wachezaji wazuri wakikosa nafasi, na kilichowakosesha si ukame, wala umaskini, wala ubovu wa kiwanja. Ni kalamu. Mtoto amecheza msimu mzima, anaulizwa rekodi yake iko wapi, na aliyepewa kazi ya kuandika anatoa ukurasa wenye majina matatu yanayofanana na jumla zisizojumlika.

Maneno haya ni kwa mwalimu wa michezo, kocha, ndugu anayeketi kando ya kiwanja na daftari, na mchezaji mwenyewe. Mifano mingi nimeitoa kwenye besiboli, kwa sababu ni mchezo unaomhesabu mtu mmoja mmoja kwa undani: alipiga mara ngapi, alidaka mangapi, aliangusha mangapi. Mingine ni ya kriketi, mchezo ambao Kenya iliucheza hadi nusu fainali ya Kombe la Dunia mwaka 2003. Ukiandika raunda ya watoto wa Bula Pesa, kanuni ni zilezile.

KUANDIKA MECHI

Fanya hivi

Andika kila tukio kabla ya mpira unaofuata kurushwa. Kichwa hakihifadhi mechi. Kinabakiza pigo kubwa na kosa kubwa, basi. Mpigaji aliyetolewa kimya kimya mara mbili husahaulika, na mapigo 2 katika zamu 6 yanageuka mapigo 2 katika zamu 4. Umemvisha sifa ambayo mechi ya kwanza ugenini itamvua mbele ya watu.

Tumia daftari moja lenye jalada gumu, si karatasi za kubandua. Upepo wa alasiri wa Isiolo unaujua. Nilimwona mwandishi akikimbiza karatasi zake kuelekea barabara ya Marsabit huku mechi ikiendelea. Mapigo manne yalipita bila mtu wa kuyaandika, na wenyewe hawakuwahi kulipwa.

Jumlisha kabla hujaondoka kiwanjani. Alama za kila mpigaji, ukiongeza za ziada, lazima zilingane na alama za timu. Zisipolingana, umekosea, na wa kukusaidia bado wako hapo wakinywa maji. Chukua mechi ambayo kila Mkenya anayependa kriketi anaijua: Pune, India, tarehe 29 Februari 1996, siku Kenya ilipoiangusha West Indies. Kenya ilipata 166. Mpigaji aliyeongoza alikuwa Steve Tikolo, mwenye 29. Za ziada, yaani zile zisizotokana na gongo la mtu yeyote, zilikuwa 37. Ziada ilimzidi kila mpigaji. Mwandishi aliyezoea kuandika mapigo tu angefunga daftari lake na 129, West Indies wakatolewa kwa 93, na hadithi ya ushindi mkubwa kuliko wote katika kriketi ya Kenya ikabaki na hesabu isiyofunga.

Usifanye hivi

Usijaze daftari jioni, wala ndani ya matatu mkirudi nyumbani. Unachokiandika wakati huo ni simulizi za abiria, na abiria mwenye sauti kubwa ndiye anayepata mapigo mengi.

Usiwe kocha na mwandishi kwa wakati mmoja. Ukisimama kumwelekeza mkimbiaji wa besi ya tatu, mikono yako miwili na macho yako mawili yameshachukuliwa. Mpe mwanafunzi asiyecheza. Wapo wenye mkono safi na akili iliyotulia, na wanafurahi kupewa kazi ya maana.

Usifute kosa hadi lisionekane. Piga mstari mmoja juu yake, andika sahihi pembeni. Daftari lililosuguliwa kwa ufutio halimshawishi mtu yeyote hata likiwa na ukweli mtupu.

JINA NA UMRI

Fanya hivi

Andika majina matatu: la mtoto, la baba, la babu, kama yalivyo kwenye cheti cha kuzaliwa, pamoja na namba ya jezi. Katika timu moja ya hapa unaweza kuwa na Abdi watatu na Guyo wawili. "Abdi, mapigo 3" si rekodi ya mtu. Mwisho wa msimu wote watatu watayadai mapigo hayo, na hutakuwa na la kuwaambia.

Amua tahajia moja na uishike msimu mzima. Mtu aliyeandikwa Halake mwezi wa kwanza na Halakhe mwezi wa tatu ni watu wawili mbele ya afisa ambaye hajawahi kufika Isiolo.

Tazama cheti kwa macho yako mwanzoni mwa msimu, si siku ya safari. Mtoto ambaye hana cheti, mzazi wake aanze kukishughulikia mara moja. Familia inayotoka Merti au Garbatulla ina safari ndefu mpaka mjini. Ukiwaambia wiki moja kabla, umeshawakatalia.

Usifanye hivi

Usipunguze umri wa mtoto. Usipunguze hata mwaka mmoja. Najua unavyofikiri: ni mdogo kwa umbo, mechi ni muhimu, na hakuna atakayeuliza. Ataulizwa mtoto, na si wewe utakayekaa kwenye kiti cha kuhojiwa. Mwaka 2011 timu ya watoto kutoka Kampala ilishinda nafasi ya kwenda Little League World Series, mashindano ya dunia ya besiboli ya watoto nchini Marekani. Hakuna timu ya Afrika iliyokuwa imefika hapo. Viza zikakataliwa kwa sababu ya tofauti katika nyaraka za umri. Watoto walikuwa wameshinda kiwanjani. Karatasi ndizo zilizowashinda. Mwaka uliofuata watoto wa Lugazi, Uganda hiyohiyo, walikwenda na nyaraka zilizokubalika, wakawa Waafrika wa kwanza kucheza mashindano yale, na wakaifunga timu ya jimbo la Oregon 3–2. Mchezo wa Uganda haukuzaliwa upya katika miezi 12. Ulikuwepo tangu mwanzo.

Usitegemee video ya simu badala ya rekodi. Video humfungulia mtu mlango. Dennis Kasumba wa Uganda alijulikana duniani kwa video za mazoezi yake, na mwaka 2023 akacheza Marekani katika ligi ya vijana wanaotafuta kusajiliwa. Huko ndani, kila mtu anahesabiwa zamu kwa zamu. Mzoeshe kijana wako kuhesabiwa angali nyumbani. Ben Serunkuma na Umar Male, Waganda waliosajiliwa na Los Angeles Dodgers mwaka 2022, waliingia katika kazi ambayo kila mpira wanaourusha unaandikwa.

KUPIGA HESABU YA MPIGAJI

Hapa ndipo madhara makubwa yanapofanyika, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Fanya hivi

Andika zamu pamoja na mapigo, daima. Wastani wa mpigaji ni mapigo yake yakigawanywa kwa zamu zake rasmi. Besi ya bure, anayopewa kwa kuacha mipira mibovu minne, haihesabiwi kama zamu rasmi. Iandike kwenye safu yake. Ukiichanganya na zamu, unamwadhibu mtu kwa uvumilivu.

Mfano wa wazi ni msimu wa Gift Ngoepe wa Afrika Kusini, mzaliwa wa kwanza wa bara la Afrika kucheza ligi kuu ya besiboli ya Marekani. Aliingia na Pittsburgh Pirates tarehe 26 Aprili 2017. Zamu yake ya kwanza kabisa, akimkabili Jon Lester wa Chicago Cubs, alipiga pigo safi lililopita katikati na kufika besi ya kwanza. Kwa dakika chache wastani wake ulikuwa 1.000, ambao hauna wa kuuzidi.

Msimu ulipokwisha hesabu yake ilikuwa hivi: mechi 28, zamu rasmi 54, mapigo 12. Gawanya, utapata .222. Mwandishi mvivu anaishia hapo, na msomaji anasema huyu si mpigaji. Endelea kusoma mstari. Besi za bure 8. Kwa hiyo alifika besini mara 20 katika nafasi 62, sawa na .323. Kisha safu inayofuata: alitolewa kwa staraiki tatu mara 26, karibu nusu ya zamu zake. Sasa kocha ana kitu mkononi. Anamwona mtu mwenye jicho la kuuacha mpira mbaya, lakini akiamua kupiga, mara nyingi gongo halikutani na mpira. Hilo linafanyiwa kazi mazoezini Jumatatu asubuhi. Namba moja peke yake ingempa kocha la kulaumu tu.

Na bado hujamaliza, kwa sababu Ngoepe hakupandishwa kwa ajili ya gongo lake. Alipandishwa kwa mikono yake. Msimu huo alicheza besi ya pili, besi ya tatu na nafasi iliyo katikati ya hizo mbili, ambako mpira unakuja kwa kasi na hakuna muda wa kufikiri. Mtu anayeweza kusimama sehemu zote tatu ana kazi hata siku gongo linapomkataa.

Waeleze wazazi kipimo. Shuleni, 30 kwa 100 ni kufeli. Kwa mpigaji wa besiboli, mapigo 3 katika zamu 10 ni kazi ya mtu hodari, na wengi wanaolipwa kwa kucheza hawafiki hapo msimu mzima. Baba mmoja aliniletea karatasi ya binti yake iliyoandikwa 0.290, uso umekunjamana, akiuliza kwa nini mtoto anapoteza muda kwenye mchezo anaopata alama 29. Binti alikuwa amesimama nyuma yake na gongo mkononi. Alikuwa mpigaji bora wa shule, na hakuna mtu aliyemwambia baba yake. Kosa hilo ni letu sisi tunaoandika namba bila kuzieleza.

Usifanye hivi

Usimhukumu mtu kwa zamu chache. Mwaka 2018 Ngoepe alikuwa Toronto Blue Jays: zamu 18, pigo 1. Ukiligeuza kuwa wastani, ni .056, namba ya kumfukuzisha mtu mjini. Lakini mpigaji wa kila siku humaliza zamu 18 chini ya wiki. Nani kati yetu angetaka maisha yake ya kazi yapimwe kwa wiki moja mbaya? Tuliomwona mtoto akipiga 0 kwa 7 katika mashindano ya siku mbili tumeandika hukumu mara nyingi mno. Andika 0 kwa 7. Acha neno "dhaifu."

Usimzungushie mtu namba kwenda juu. Mwaka 1941 Ted Williams wa Boston Red Sox alifika siku ya mwisho ya msimu akiwa na mapigo 179 katika zamu 448. Hiyo ni .39955, na kwa desimali tatu inasomeka .400. Angeweza kukaa benchi na kuichukua. Alicheza mechi zote mbili za siku hiyo, akapiga mara 6 katika zamu 8, akamaliza na .406. Kijana wako mwenye .287 ana .287. Ukimwandikia .300, umemnyima sababu ya kuamka kufanya mazoezi.

Usilinganishe wapigaji waliokabili warushaji tofauti bila kusema hivyo. Mapigo matano dhidi ya timu iliyookotezwa asubuhi hayafanani na pigo moja dhidi ya mabingwa wa kaunti. Andika jina la timu pinzani kwenye kila mstari. Ni sekunde tatu tu.

UDAKAJI

Fanya hivi

Andika jina la aliyedaka. Mkimbiaji ametolewa, sawa, nani alimtoa? Rudi Pune. Brian Lara, aliyeogopwa kuliko mpigaji yeyote siku ile, alitoka na 8 tu. Daftari linasema mrushaji alikuwa Rajab Ali na mdakaji alikuwa Tariq Iqbal. Majina mawili, kazi ya watu wawili. Bila jina la pili, Iqbal angekuwa mtu aliyesimama nyuma ya wiketi siku kubwa ikipita mbele yake.

Hesabu mipira yote aliyoifikia, si makosa peke yake. Tuseme msichana wa kwanza amepata nafasi 40, akakosea 2. Amefaulu 38 kwa 40, sawa na .950. Wa pili amepata nafasi 70, akakosea 5: 65 kwa 70, sawa na .929. Asilimia inampendelea wa kwanza. Lakini wa pili amewatoa watu 27 zaidi. Aliikimbilia mipira ambayo mwenzake aliitazama ikipita, na baadhi ikamponyoka kwa sababu aliifikia. Ukisoma asilimia peke yake, unawafundisha watoto kusimama.

Usifanye hivi

Usiandike kosa kwa hasira, wala kwa kelele za watazamaji. Swali ni moja: je, mdakaji wa kawaida, kwa juhudi ya kawaida, angeudaka mpira huu? Kama jibu ni hapana, si kosa. Jua la saa tisa likiwa machoni, vumbi limeinuka, mpira umepinda hewani kwa upepo: angalia hayo kabla kalamu haijagusa karatasi.

Mimi nililifanya kosa hili. Siku ya upepo mkali nilimwandikia msichana makosa matatu katika mechi moja. Mawili hayakuwa yake. Mpira uligonga jiwe, ukaruka usoni. Ule mwingine ulipotelea katika vumbi na hakuna aliyeuona mpaka ulipoanguka. Kocha hakuwepo siku hiyo. Alisoma ukurasa wangu, akamweka benchi. Muhula uliofuata msichana hakurudi kwenye timu, na nilipomwuliza sababu alinijibu kwa heshima kwamba hajui kudaka. Alijifunza hilo kwangu. Tangu siku hiyo, ninapotia alama ya kosa, naandika pembeni maneno mawili au matatu: "jiwe," "upepo," "mkononi kabisa." Nawe fanya hivyo.

MKONO WA MRUSHAJI

Fanya hivi

Hesabu kila mpira anaorusha mtoto, na mwambie kocha kwa sauti anapokaribia kikomo. Little League wameweka sheria: mtoto wa miaka 11 au 12 asizidi mipira 85 kwa siku, na akirusha 66 au zaidi apumzike siku nne. Mkono wa umri huo bado unakua, na kiwiko kilichoumia huenda kisirudi kama kilivyokuwa.

Usifanye hivi

Usimrudishe kesho yake kwa sababu ni fainali. Usimwulize kama anaumwa. Atasema haumwi, kwa sababu anataka kucheza. Tazama namba.

DAFTARI NA PESA

Usifanye hivi

Usimpe mtu wa kamari daftari lako. Usimpe hata kwa kusoma tu. Siku hizi kamari iko kwenye simu ya kila kijana, na anayekuja kuuliza kwa upole nani ana maumivu ya bega na nani atapiga wa kwanza hajaja kwa mapenzi ya mchezo. Maurice Odumbe alichukua wiketi 3 kwa mikimbio 15 siku ya Pune na akatajwa mchezaji bora wa mechi. Mwaka 2004 alifungiwa miaka 5 kwa kupokea pesa kutoka kwa watu wa kamari. Kama shujaa wa Pune aliweza kunaswa, kijana wa Kambi ya Juu mwenye deni la nauli ananaswa mchana kweupe.

Usibadilishe mstari kwa ombi la mtu yeyote: diwani, mfadhili, mjomba wa mchezaji, mwalimu mkuu. Sikiliza kwa heshima, mpe kiti, mpe chai. Mstari ubaki.

Fanya hivi

Weka nakala mbili. Moja ya shule au klabu, nyingine ya mchezaji, ikiwa imetiwa sahihi yako na ya kocha wa upande wa pili. Piga picha ya kila ukurasa siku hiyohiyo. Vitabu vya shule huliwa na mchwa, hunyeshewa, huhamishwa na mwalimu aliyehamishwa. Nimeona kabati lenye misimu sita likifunguliwa na ndani kuna udongo.

Mpe mchezaji nakala yake mwenyewe mkononi, ndani ya bahasha, na umfundishe kuisoma. Asiyejua mstari wake hawezi kujitetea atakapoambiwa hakuwahi kucheza.

Kama wewe ndiye mwenye daftari msimu huu, fika kiwanjani nusu saa kabla ya mchezo, andika majina yote matatu ya kila mtoto, na usiondoke mpaka mchezaji wa mwisho ameuona mstari wake.